Herufi Zilizo Chini ya D

Ukiingia kwenye gari la otomatiki lililoletwa kutoka Japani, mkono wa gia utakuonyesha herufi zilizopangwa foleni: P, R, N, D. Hizo nne kila dereva anazijua. Chini ya D zipo nyingine, na hapo magari yanatofautiana. Moja lina 2 na L, jingine lina 3, 2 na L, jingine lina S na B, jingine lina alama za kujumlisha na kutoa. Wapo madereva waliokaa na gari miaka mingi, wakafika nalo Mbeya na Bukoba na kurudi, ambao mkono huo hawajawahi kuuvusha D kwenda chini. Ukiwauliza L ni ya nini, mmoja atasema ni ya matope, mwingine atasema ni ya kuvutia gari lililokwama, wa tatu atakuelekeza kwa fundi.

Mimi nataka kuwasifu wanaojua. Kushuka mlima mrefu kwa gari la oto, abiria wamelala, breki hazijapata moto, injini ndiyo inayolishika gari, ni ufundi kamili. Mitaani hauna sifa kwa sababu ukifanywa vizuri hakuna kinachotokea, na hakuna anayempongeza dereva kwa jambo ambalo halikutokea. Tena gari la oto watu hulinunua ili wapumzike na habari za gia, kwa hiyo ni rahisi kuamini kwamba hakuna kilichobaki cha kujifunza. Kipo. Kwa maoni yangu dereva wa oto ana kazi ngumu zaidi mlimani kuliko mwenzake wa manyuo. Yule wa manyuo analazimika kuchagua gia kila baada ya kona. Huyu wa oto lazima akumbuke mwenyewe, bila kuulizwa na gari, kwamba na yeye anaweza kuchagua.

Chukua barabara ya Lushoto. Mji wenyewe uko juu ya milima ya Usambara, kimo cha mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Mombo, ambako barabara hiyo inaungana na barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, iko mita 400 na ushee. Katikati kuna kilometa zaidi ya 30 za lami nyembamba. Kutoka Lushoto hadi Soni, iliyo njiani, mteremko bado una huruma. Kutoka Soni kwenda chini barabara inabanwa kati ya mwamba na korongo, kona zinafuatana, na huko mbele hujui kama anayepanda ni bodaboda au lori la kwenda kupakia kabichi.

Gari dogo lenye watu wanne na mizigo yao halipungui sana kilo 1,500. Kulishusha mita 1,000 kunatoa nishati ya karibu megajuli 15. Nishati hiyo haina pa kupotelea. Kama gari halitakiwi kuongeza mwendo, basi lazima igeuke joto mahali fulani. Ni joto linalotosha kuchukua ndoo mbili za maji, za lita 20 kila moja, kutoka ubaridi wa asubuhi ya Lushoto mpaka yatokote. Swali lote la kushuka mlima ni moja: joto hilo utaliweka wapi?

Anayeshuka na D, mguu ukiwa juu ya breki toka Soni mpaka Mombo, analipeleka karibu lote kwenye diski na dramu. Hivyo ni vipande vinne vya chuma ambavyo mtu mzima anaweza kuvibeba vyote kwa mikono yake, navyo vimejificha ndani ya rimu na havina chochote cha kuvipoza isipokuwa upepo. Kwa mwendo wa kilometa 30 au 40 kwa saa, upepo wenyewe ni haba. Kwanza inakuja harufu, ile harufu kali ya breki pedi ambayo kila aliyepanda basi kwenye milima anaijua. Kisha pedi zinapoteza uwezo wa kung'ata: mguu unakanyaga vilevile, gari halipunguzi vilevile. Dereva anakanyaga zaidi, joto linaongezeka, na pedi zinang'ata kidogo zaidi ya hapo.

Baada ya hapo kuna jambo baya zaidi, na hili wengi hawalijui. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yastahimili angalau nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Yakishanyonya unyevu kiwango hicho kinashuka hadi 140. Ya DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa yameshanyonya. Yakichemka ndani ya mirija, yanatoa mapovu ya mvuke, na mvuke ukibanwa unakubali kubanwa. Mguu unazama mpaka chini na hakuna kinachofika kwenye magurudumu. Ndipo tunaposikia kwamba gari "limefeli breki", kana kwamba breki zilikuwa nzima hadi sekunde ile. Mara nyingi zilianza kufeli kilometa kumi nyuma, pale juu, dereva alipoondoka kileleni na D.

Sasa angalia injini. Ina rejeta, ina pampu ya maji, ina feni, ina oili inayozunguka, ina bomba la ekzosi. Imetengenezwa ili itupe joto nje saa nzima bila kuchoka. Ukiachia pedali ya mafuta gari likiwa kwenye gia, magurudumu ndiyo yanayoanza kuizungusha injini. Katika injini ya petroli, mlango wa hewa unajifunga, na pistoni zinashuka zikijaribu kuvuta hewa ambayo haipo ya kutosha. Kuvuta huko kwenye ombwe ni kazi, na kazi hiyo inalipwa na mwendo wa gari. Ongeza msuguano wa pistoni, wa shafti na wa oili nzito, na hapo umepata breki isiyo na pedi ya kuisha wala diski ya kuiva.

Na haitumii mafuta. Katika injini zenye kudhibitiwa na kompyuta, ambazo ndizo karibu zote tunazoendesha siku hizi, ukiachia pedali gari likiwa kwenye gia na injini ikizunguka kasi, kompyuta inafunga sindano za mafuta. Inazifungua tena mizunguko ikikaribia ile ya gari lililosimama injini ikinguruma polepole. Kwa hiyo wanaoweka N mlimani wakidhani wanabana matumizi wanafanya kinyume: kwenye N injini lazima ipewe mafuta ili isizime, kwenye gia inazungushwa bure na mlima. Wapo pia wanaoizima injini kabisa. Hao wanaondoa nguvu ya usukani, na wanabaki na mikanyago michache tu ya breki yenye msaada wa hewa, kisha pedali inakuwa ngumu. Sina neno laini la kusema juu ya tabia hiyo. Ni hatari na haina faida yoyote.

Ugumu wa gari la oto ni kwamba D ilibuniwa kwa mtu anayekwenda, si kwa mtu anayeshuka. Ukiachia pedali, gia boksi inaona kwamba injini haina kazi, na inapandisha gia ili ipumzike. Kwenye barabara ya tambarare hilo ni jema. Mlimani ni balaa: gari linaingia gia ya juu kabisa wakati hasa unapoihitaji ya chini, na dereva anahisi linamponyoka. Baadhi ya magari mapya yanatambua mteremko na kuzuia hilo yenyewe, ila mengi tuliyonayo hayana akili hiyo.

Kuna na siri nyingine ndani ya gia boksi za zamani za gia tatu au nne, na nikiri kwamba ndiyo iliyonifanya niipende habari hii. Katika nyingi ya hizo, gia ya kwanza ya D inashikwa na klachi ya upande mmoja, ambayo hufanya kazi kama gurudumu la nyuma la baiskeli: ukipiga pedali inashika, ukiacha inateleza na baiskeli inaendelea yenyewe. Injini ikisukuma, klachi inashika. Magurudumu yakitaka kuisukuma injini, klachi inaachia. Ndiyo maana gari la oto likiwa kwenye D, gia ya kwanza, linateleza kilimani kana kwamba halina gia kabisa. Ukivuta mkono mpaka L, gia ni ileile ya kwanza, lakini ndani kuna breki ya ziada inayobana, na ule mlango wa kuteleza unafungwa. Sasa nguvu inapita pande zote mbili. Mhandisi aliyechora gia boksi hiyo alimfikiria mtu anayeshuka mlima. Aliongeza vyuma na njia za oili kwa ajili yake peke yake, akamwekea na herufi ya kuita msaada huo.

Wazo hilo si la jana. Oldsmobile za mwaka 1940, gari la kwanza kuuzwa kwa wingi na gia boksi kamili ya otomatiki, zilikuwa na nafasi mbili za kwenda mbele, Hi na Lo. Marekani ilipoanza kutumia kanuni zake za usalama wa magari mwaka 1968, kanuni mojawapo iliagiza kwamba gari la otomatiki lazima liwe na nafasi moja ya kwenda mbele ambayo, chini ya kilometa 40 kwa saa, inalizuia gari kwa injini kuliko gia ya juu kabisa inavyolizuia. Yaani kile ambacho madereva wengi hawajawahi kukigusa kiliwahi kuonekana ni cha lazima kiasi cha kuandikwa kwenye sheria, pamoja na breki na taa.

Ufundi wenyewe nimeutazama zaidi kwa mzee mmoja anayeendesha Noah ya zamani, zile ambazo mkono wa gia uko pembeni ya usukani na kitufe cha O/D, cha kuondoa gia ya juu kabisa, kiko kwenye ncha yake. Anabeba abiria kati ya Lushoto na Mombo. Soni anasimama, mama mmoja anashuka na tenga lake, kijana anapanda na begi. Kabla ya kuondoka, gari likiwa bado limesimama na watu wakibishania nafasi, mzee anabonyeza kitufe, taa ndogo ya njano ya O/D OFF inawaka, kisha anavuta mkono kutoka D hadi 2. Mteremko mkali haujaanza. Angeweza kungoja. Hangoji.

Hapo ndipo ninapomwona mtu anayeijua kazi yake. Gia ya kushukia huchaguliwa juu, mwendo ukiwa mdogo, kabla mlima haujaanza kulivuta gari. Anayesubiri mpaka aone sabini kwenye dashibodi ndipo avute mkono, anaiomba injini iruke ghafla mizunguko maelfu kwa mkupuo. Gari jipya litamkatalia, kompyuta ikiona injini itazidishiwa mizunguko. La zamani linaweza kumtii, na hapo magurudumu yanayoendeshwa yanapata mshtuko ambao kwenye kona yenye mchanga yanaweza kuteleza nao. Akiwa ameshachelewa, njia ni kukanyaga breki kwanza kwa nguvu, apunguze, ndipo ashushe gia.

Basi mzee anashuka na 2. Mguu wake wa kulia unakaa sakafuni, mbele ya breki, haugusi kitu. Gari linajituliza kwenye thelathini na kitu, hamsini likipata kipande kilichonyooka. Kona kali ikija, anakanyaga breki mara moja, kwa uzito, gari linapungua mpaka pungufu kidogo ya mwendo anaoutaka, anaachia kabisa. Hana ile tabia ya kuweka mguu juu ya pedali kidogo kidogo kilometa nzima. Kukanyaga kwa nguvu na kuachia kunaipa breki muda wa kupumua. Kuegemea kidogo muda wote kunaipika. Ndani ya kona hagusi gia wala breki. Anakuwa ameshamaliza yote kabla usukani haujageuka, na ndiyo maana vichwa vya abiria havipigi dirishani.

Kwenye kipande kikali kuliko vyote anavuta mpaka L. Injini inapaza sauti. Kijana wa begi, aliyekaa kiti cha mbele, aliwahi kumuuliza kwa hofu ya kweli:

"Mzee, shikamoo. Mbona linanguruma hivi? Gia haitavunjika?"

"Marahaba. Acha lingurume, mwanangu. Likinyamaza hapa ndipo uniulize."

Hofu ya kijana ni ya watu wengi, nayo inastahili jibu la taratibu. Tumezoea kwamba sauti kubwa ya injini ni mafuta yanayokwenda na chuma kinachoteseka. Mlimani si hivyo. Katika gari dogo la gia nne, mwendo wa kilometa 40 kwa saa kwenye gia ya pili huizungusha injini mara 2,000 na kitu kwa dakika. Kwenye ya kwanza, mara 4,000 hivi. Injini hizo za petroli zimeruhusiwa na waliozitengeneza kufika 6,000 na zaidi, tena zikiwa zimebeba mzigo. Elfu nne bila mafuta ndani ni kazi nyepesi kwake. Kelele ile ni hewa inayovutwa kwa shida, na shida hiyo ndiyo inayokushikia gari. Mpaka wa kuheshimu upo, ni ule mstari mwekundu, na mzee anaukaribia kwa tahadhari: sauti ikipanda kupita anavyotaka, anakanyaga breki kidogo, mizunguko inarudi, anaachia. Gari lake lina mshale wa mizunguko na sijamwona akiutazama. Anasikiliza. Kwa wenye Passo na magari mengine yasiyo na mshale huo, sikio ndiyo njia pekee, nalo linafundishika kwa mchana mmoja.

Namna ya kuchagua kati ya 2 na L ni rahisi kuieleza na inachukua muda kuizoea. Ukishuka na gia uliyochagua, mguu haupo popote, na gari likakaa kwenye mwendo mmoja au likaongezeka polepole, hiyo ndiyo gia yako. Likiongezeka haraka, unahitaji ya chini yake. Likipungua mpaka ukalazimika kukanyaga mafuta kushuka mlima, rudi juu. Madereva wa zamani husema gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Kanuni hiyo inafaa sana kwa malori; kwa gari dogo lenye nguvu mara nyingi unapanda kwa gia ya juu kuliko unayohitaji kushukia, kwa hiyo ichukuliwe kama pa kuanzia.

Anayebadilisha gari inabidi ajifunze herufi upya. Kitufe cha O/D kinaondoa gia ya juu tu. Kwa miteremko mirefu isiyo mikali kinatosha, kwa Soni hakitoshi. Magari ya Toyota yenye CVT, ambayo hayana gia za kuhesabu ila mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kati ya puli mbili, mengi yana S na B: S inashika kiasi, B inashika kwa nguvu. Honda Fit nyingi zina S na L. Penye kujumlisha na kutoa, unashusha hatua moja moja, na hapo dereva wa oto anapata uhuru uleule wa manyuo.

Magari ya haibridi, Prius na Aqua, yana B ambayo madereva wengi wa teksi wanaiogopa, na nadhani ni kwa kuwa hakuna aliyewaeleza. Gari hilo likishuka, mota inageuka jenereta na kuchaji betri, jambo zuri kabisa. Lakini ule mteremko wetu wa mita 1,000 unatoa nishati ya kilowati-saa 4 hivi, na betri ya Prius ya kawaida haifiki hata kilowati-saa 1.5, tena kompyuta haikubali ijae yote wala iishe yote. Kabla hujafika nusu ya mlima betri imeshiba, na breki ile ya umeme inakwisha. Herufi B inaiambia injini izungushwe bila mafuta na kuongeza ukinzani wake tangu mwanzo, ili mzigo ugawanywe. Ukisikia injini ya haibridi ikivuma kwa sauti mlimani wakati hukuigusa pedali ya mafuta, hakuna kilichoharibika. Inafanya kazi iliyotakiwa ifanye.

Ufundi huu una mipaka yake. Injini inazuia magurudumu yanayoendeshwa tu, mawili ya mbele katika magari mengi madogo, mawili ya nyuma katika Noah ya mzee. Breki ya mguu inagawa kazi kwa yote manne, na ABS, kama ipo, inasimamia yasijifunge. Kwenye lami kavu tofauti hiyo huioni. Kwenye udongo mwekundu uliolowa, kama zilivyo bado njia nyingi za vijijini Usambara, kushusha gia kwa ghafla kunaweza kuyafanya magurudumu mawili yateleze huku mengine yakishika. Dawa yake ni ileile ya kuchagua mapema: ingia mteremko ukiwa tayari kwenye gia ya chini, polepole, na usiibadilishe njiani. Jambo la pili ni taa. Injini ikilipunguza gari, taa za breki haziwaki. Anayekufuata karibu hana habari. Mzee hugusa pedali kwa ncha ya kiatu, kiasi cha kuwasha taa tu, kila anapoona basi limemkaribia nyuma. Ni adabu ya barabarani, nami nimeipenda kuliko hata ustadi wa gia.

Wenye malori wameishi na elimu hii muda mrefu kuliko sisi, kwa kuwa kwao haina mbadala. Injini ya dizeli kwa kawaida haina mlango wa hewa unaojifunga, kwa hiyo lile ombwe linaloisaidia petroli kwake ni dogo, huku mzigo ni tani makumi. Mwaka 1931 Mmarekani Clessie Cummins, mtengenezaji wa injini za dizeli, alikuwa akivuka nchi yake kwa lori la kuonyesha injini zake. Alipokuwa akishuka mteremko wa Cajon huko California breki zilimchoka, na aliponea chupuchupu kugonga treni ya mizigo. Aliibeba kumbukumbu hiyo mpaka uzeeni, akabuni namna ya kufungua valvu za ekzosi pistoni ikiwa imemaliza kushindilia hewa, ili nguvu iliyotumika kushindilia itupwe nje badala ya kurudi kusukuma. Kampuni ya Jacobs ilianza kukiuza kifaa hicho mwaka 1961, na hadi leo malori mengi duniani yanashuka nacho. Dereva anayeshuka mteremko wa Kitonga na shaba kutoka Zambia au Kongo, akipita kona zile mwendo wa kutembea, sauti nzito ya injini ikirudi kutoka kwenye mwamba, anafanya kwa tani nyingi kile ambacho mzee wa Soni anafanya kwa tani mbili. Tunapomlaani kwa kutuchelewesha, tukumbuke kwamba mwendo ule ameuchagua kileleni, na kwamba akituachia njia kwa kuongeza mwendo anaweza asiupate tena.

Mombo, abiria wakishuka kutafuta mabasi ya Dar na Arusha, huwa napenda kusogeza kiganja karibu na rimu ya mbele ya ile Noah, bila kuigusa. Joto lipo, la kawaida. Magari mengine madogo yaliyoshuka njia ileile na kuegesha hapo hapo yanatoa harufu unayoisikia kabla hujayafikia, na wenyewe wamekaa wanakunywa soda. Wamefika pia, ni kweli. Ila mafuta yao ya breki yamezeeka kidogo zaidi siku hiyo, pedi zao zimekauka kidogo zaidi, na safari ijayo wataanza mlima na akiba ndogo kuliko ya leo.

Kama una gari la oto, usingoje mteremko wa Soni wala wa Kitonga wala wa Sekenke ndiyo ujifunze. Tafuta kilima kifupi karibu na kwenu, asubuhi ya Jumapili wakati barabara ni tupu. Panda, simama juu, weka 2, shuka bila kugusa pedali yoyote isipokuwa ikibidi. Panda tena, weka L, sikiliza sauti yake mpaka ikome kukuogopesha. Mwulize fundi mafuta ya breki yalibadilishwa lini, na kama hajui, yabadilishe. Na ninyi walimu wa shule za udereva, mwanafunzi wenu akitoka hapo na leseni atanunua oto, mnalijua hilo. Mwonyesheni kazi ya kila herufi iliyo chini ya D kabla hamjampa cheti.